Nyumba Hii Haiuzishwe

Nusu ya watu wa Bukavu wamesoma maandishi ya Gracien bila kumjua kwa sura. Jino kubwa jeupe kwenye mlango wa daktari wa meno kule Kadutu, yeye ndiye aliyelichora. Kinyozi anayejisifu ukutani kwamba hajawahi kumkata mtu sikio, maneno yale ni ya Gracien, na kinyozi alilalamika wiki nzima kabla hajaona wateja wanavyoongezeka. Lakini kilichomlisha na kumsomeshea watoto ni maneno matatu tu. Ndugu mmoja anapotaka kuuza nyumba ya urithi kwa siri, wenzake humwita fundi mwenye rangi nyekundu, naye huandika ukutani, herufi za kusomeka toka barabarani: NYUMBA HII HAIUZISHWE. Basi, imekwisha. Hakuna mnunuzi mwenye akili zake atakayeigusa, wala shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa, atakayetia mhuri. Na kwa desturi ya mji, aliyeandika ndiye anayefuta, mbele ya mashahidi. Kesi mahakamani huchukua miaka. Rangi nyekundu huchukua nusu saa.

Walipomuuliza kama haoni vibaya kuingia katika ugomvi wa watu, alikuwa na jibu lake tayari.

"Miye niko fundi, siko muamuzi. Ninaandika, ninanawa, ninaenda."

Kunawa kwenyewe ni maneno tu. Kucha zake hazikuwa safi hata siku ya harusi yake.

Yeye, mkewe Mapendo na watoto wanne walipanga nyumba juu ya kilima cha Kadutu, mahali ambapo udongo una tabia ya kushuka bila kuaga. Mwaka juzi jiko la jirani liliondoka asubuhi moja na sufuria zake zote. Tangu hapo ukuta wa chumba cha watoto ulikuwa na ufa, na Mapendo aliuziba kwa matambara. Mwezi wa tisa matambara mawili yalitosha. Mwezi wa kumi na moja liliingia shuka zima, na bado upepo ulipita. Mvua ikinyesha, watoto walihamishiwa sebuleni, na Mapendo alikaa kitandani macho wazi, akisikiliza ukuta. Gracien alijua kwamba nyumba nyingine haikuwa tena jambo la fahari. Ilikuwa jambo la kuwahi.

Ndipo akasikia kwamba nyumba ya Maman Eulalie, kule Nyalukemba, inauzwa.

Maman Eulalie alikuwa mwalimu mstaafu na mjane. Mumewe, Papa Élie, alikuwa amefariki miaka mitano iliyopita, na binti yake aliyeolewa Lwiro alikuwa hamwachi apumue: Maman, njoo ukae kwetu, umri umekwenda. Nyumba ilikuwa ndogo, ya matofali, vyumba vitatu, na ukuta mrefu kando ya barabara. Ilisimama kwenye mwamba, na hilo ndilo Gracien alilolitazama kwanza. Alizunguka nyuma, akapiga kisigino chini mara tatu, na mara tatu kisigino kikamuuma. Nusura acheke kwa furaha.

Walikubaliana bei bila kelele. Gracien alikuwa na sehemu ya pesa nyumbani, na iliyobaki ingetoka kwenye likelemba, kile chama cha kupokezana akiba alichokuwa nacho na mafundi wenzake. Zamu yake ingefika Jumamosi ya wiki ya tatu. Maman Eulalie alikubali kungoja. Hakutaka sehemu ile kabla ya siku yenyewe, kwa sababu, alisema, pesa iliyokatwa vipande huleta maneno. Akamwita shefu wa avenyu, Papa Akonkwa, akamimina kasiksi, ile pombe ya ndizi aliyoletewa toka kijijini, na glasi moja ikawazunguka wote watatu.

"Gracien, mutoto yangu," akasema, "nimekupatia neno yangu mbele ya shefu. Nyumba iko yako. Utakuya na franga yote mara moja, na tutaandika karatasi siku ile ile."

Gracien alirudi Kadutu miguu ikiwa myepesi. Mapendo alitaka kujua madirisha ni mangapi.

Sasa, kwetu dalali huitwa komisioneri, na komisioneri wa nyumba ile aliitwa Télesphore. Nyumba ikipata mnunuzi mapema, komisioneri anabaki na fungu dogo na kiu kubwa. Kwa hiyo neno lilikuwa limetolewa, glasi imeshazunguka, na Télesphore bado alikuwa anapeleka watu. Jumatano ya wiki ya pili, Gracien alipita pale akakuta mume na mke wanapima uwanja kwa hatua, mke akionyesha mahali pa kuweka tangi la maji.

"Banaangalia tu, fundi," Télesphore akamwambia, meno yote nje. "Macho haikulake nyumba."

Ijumaa lilikuja gari. Likashusha Papa Donatien, mnunuzi wa dhahabu toka upande wa Shabunda, mtu mpana, mpole, mwenye sauti ya chini kama watu wote ambao hawajawahi kuomba kitu mara mbili. Aligonga matofali kwa pete yake, moja baada ya jingine. Gracien alikuwa ng'ambo ya barabara na ngazi begani, akayahesabu matofali pamoja naye.

Jumamosi jioni, Télesphore akamfuata kazini, akasimama chini ya ngazi.

"Shuka tuongee. Papa Donatien anakuya kesho kutwa na franga yote, na anaongeza juu yake. Wewe unaongeza ngapi?"

"Maman alinipatia neno. Shefu alikuwa pale."

"Neno!" Télesphore akacheka, ila si kwa ubaya. "Gracien, neno iko kitu ya misa. Ongeza ao uachilie."

Nyumba ya Maman Eulalie haikuwa mbali, mwendo wa dakika kumi tu. Mtu mwingine angekwenda, abishe hodi, amwulize: Maman, ni kweli? Gracien hakwenda. Aliogopa jibu, na anayeogopa jibu hukwepa swali, halafu hujiambia kwamba ni heshima. Alijiambia kwamba si vizuri kumsumbua mtu mzima jioni.

Usiku ule mvua ikanyesha. Asubuhi alimkuta Mapendo amekaa palepale, mkono umeegemea lile shuka ukutani kana kwamba anaushikilia mlima.

"Kuna muteja wa haraka," akamwambia, akachukua kopo na brashi. Ilikuwa Jumapili, na Mapendo alimtazama vizuri.

Saa ya misa ya kwanza, barabara ya Nyalukemba huwa tupu. Maman Eulalie alikuwa kanisani, mwimbaji wa sauti ya pili tangu ujana wake. Gracien alisimama mbele ya ukuta mrefu, kuyaandika maneno ambayo alikuwa ameshayaandika mara mia sijui ngapi. Aliyaandika kwa mkono wa kushoto, yaonekane ni ya ndugu mwenye hasira, si ya fundi. Alizipindisha herufi makusudi. Z ilimwuma kuliko zote, kwa sababu Z yake inajulikana mpaka Bagira. Lakini kabla ya hapo, bila kufikiri, alikuwa ametoa kalamu ya risasi sikioni na kupima shubiri kwa shubiri, alama ndogo chini ya kila herufi. Miaka ishirini na mbili ya kazi haiambiwi ikae nyumbani.

Alipomaliza, akafunga kopo, akaondoka kwa njia ya chini. Nitasema ukweli: alifurahi. Alifurahi kama mtoto aliyeficha kiatu cha mwenzake. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Wanunuzi wakimbie wiki moja. Jumamosi afike yeye na pesa, amwambie Maman Eulalie kwamba maandishi hayamtishi, ampe mkono, na kazi ya kufuta aifanye bure. Alijiona mwerevu sana.

Jumatatu Papa Donatien alikuja. Gracien alikuwa amejipatia kisingizio cha kupaka lango la jirani, na aliona yote. Gari likapunguza mwendo. Kioo kikashuka, macho yakasoma ukutani toka mwanzo hadi mwisho. Injini haikuzimwa. Kioo kikapanda, gari likaondoka, na Télesphore akabaki kando ya barabara na mikono yake miwili.

Jumanne simu ikalia. Maman Eulalie alitaka aje.

Alimkuta sebuleni, kitambaa hakiko kichwani, jambo ambalo hakuwahi kuliona. Mwanamke huyu aliyewanyamazisha watoto sitini kwa jicho moja alianza kusema kabla hajamkaribisha kiti.

"Uliona pa ukuta?"

"Niliona, Maman."

"Iko Zagabe." Akavuta pumzi. "Mudogo ya bwana yangu. Siku tulimuzika Élie, udongo ingali mubichi, Zagabe aliniomba funguo. Alisema mwanamuke haritake mali ya bwana. Nilipigana naye miaka mbili, mupaka familia ikamunyamazisha. Leo amerudia. Sasa sikia, mutoto yangu. Nilikupatia neno, na leo ninakuomba unirudishie. Siwezi kukuuzishia nyumba yenye kesi. Uko na batoto bane. Ukalipe franga yako yote, kisha Zagabe akutoshe inje? Hapana. Miye sifanyake vile. Tafuta ingine."

Gracien alifungua mdomo. Hapo ndipo angesema. Ulimi ulikuwa tayari, na sebule ilikuwa na watu wawili tu. Lakini akaiona Jumamosi, akauona mwamba, akasikia mwenyewe anasema: "Maman, miye siogopake kesi. Nitanunua vile vile."

"Miye naogopa mahali pako," akajibu Maman Eulalie, na machozi yakamtoka bila sauti. "Alhamisi shefu ameita Zagabe. Ukuye na wewe, umusikie na masikio yako."

Siku mbili zile Gracien hakula vizuri. Mapendo alimwuliza kama ni malaria, akasema labda. Alijifariji kwamba Zagabe atakuja, atakana, na mambo yatabaki hewani: maandishi yasiyo na baba. Shefu angeyafuta mwenyewe. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mwongo mwenyewe huiona ndefu na yenye kivuli.

Zagabe alifika Alhamisi toka Walungu, koti limefungwa vifungo vyote. Mzee mkavu. Kabla ya kuingia alisimama mbele ya ukuta muda mrefu, akasoma. Ndani walikuwa Papa Akonkwa na daftari lake, Maman Eulalie, na Gracien karibu na mlango.

"Zagabe," shefu akaanza, "shemeji yako anasema wewe njo uliandika kwa ukuta. Iko kweli ao hapana?"

Gracien alimngoja aseme hapana. Neno fupi tu. Zagabe alimtazama shemeji yake, akatazama dari, akatazama makochi, na uso wake ukabadilika taratibu, kama wa mtu aliyekuta noti njiani na hakuna anayeangalia.

"Kweli," akasema. "Njo miye. Niliandika na mukono yangu. Hii nyumba iko ya kaka yangu, damu yetu, na haitauzishwa."

Maman Eulalie akafumba macho.

Papa Akonkwa aliandika kwa muda, halafu akaweka kalamu. Alisema, kwa huzuni ya kweli, kwamba basi mkono wake umefungwa. Maandishi yamepata mwenyewe. Jambo litapelekwa mbele, na mpaka liamuliwe hakuna kuuza, na mama asiondoke kwenda Lwiro, maana nyumba yenye kesi ikiachwa tupu itaingiliwa. Itachukua muda gani? Papa Akonkwa alitazama daftari lake. Kulikuwa na kesi ya nyumba mle ndani iliyokuwa na miaka tisa.

"Miaka tisa miye nitakuwa na Élie," Maman Eulalie akasema.

Shefu akatoka nje kunakili maandishi. Zagabe akamsogelea Gracien pale mlangoni, akamnong'oneza, pumzi yake ina harufu ya tumbaku.

"Wewe njo unaitaka? Vumilia. Nikiipata, nitakuuzishia wewe, bei ya chini. Miye sina kazi na nyumba ya mujini."

Hivi ndivyo jambo lilivyomjia Gracien: mwamba, vyumba vitatu, bei ya chini, naye asiseme neno. Anyamaze tu. Hata dhambi yenyewe ilikuwa imeshachukuliwa na mtu mwingine, kwa mikono miwili, kwa hiari yake. Alimtazama Maman Eulalie. Alikuwa amekaa wima kama yuko darasani, anajitahidi Zagabe asimwone akilia. Aibu ikampanda Gracien toka miguuni, moto mtupu, mpaka masikioni.

"Papa Akonkwa!" aliita, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Rudia ndani. Anadanganya. Njo miye niliandika."

Zagabe akaruka. "Amemulipa! Huyu mwanamuke amemulipa aseme vile!"

"Nani anaweza kukubali franga juu ya aibu hii?" Gracien akasema. Alitoka nje, na wote wakamfuata. Akapiga goti chini ya ukuta, mbele ya N, herufi ya kwanza. "Papa Akonkwa, angalia hapa. Kalamu ya risasi. Na hapa. Na hapa. Shubiri moja, shubiri moja, mupaka mwisho. Nani mwenye hasira anapimaka mbele ya kuandika? Muulize alama ziko ngapi. Miye ninajua bila kuangalia. Ziko kumi na kenda."

Shefu aliinama, akahesabu kwa kidole, midomo ikicheza. Kumi na tisa. Alipoinuka alifunga daftari. Alimtazama tu Zagabe, na Zagabe akaanza kutafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwamo. Baadaye kidogo alikuwa ameshika barabara ya kurudi Walungu, bila kuaga.

Gracien alibaki amepiga goti. Aliona viatu vya Maman Eulalie vikija, vikasimama.

"Juu ya nini ulifanya vile, Gracien?"

Akamweleza: Télesphore, gari, kesho kutwa, franga yote, ufa, shuka. Alisema yote, na kila alilolisema lilikuwa kweli, na hakuna lililosaidia.

"Donatien," Maman Eulalie akarudia. "Alikuya Jumamosi saa kenda, mbele hata Télesphore hajafika kwako. Aliweka sakoshi ya franga kwa meza yangu. Nilimuambia: Papa, ondoa, meza iko ya kula. Hii nyumba iko na mwenyewe, anaitwa Gracien."

Gracien akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Laiti angepigwa.

"Ningekungoja hata mwezi ingine," akaendelea, polepole, kama anayesahihisha daftari. "Mutu wa kuchelewa ninaweza kumuuzishia. Mutu wa franga kidogo pia. Lakini wewe ulikuya siku ya Mungu, miye niko kanisani, ukanirudishia Zagabe ndani ya nyumba. Tangu siku ile sikulala. Hapana, mutoto yangu. Umeniokoa leo, ninakushukuru. Nyumba sitakupatia."

Papa Akonkwa alikohoa, akasema labda wakae, wazungumze. Maman Eulalie akatikisa kichwa. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na Gracien angependa iwepo.

Nyumbani alimwambia Mapendo yote kwa pumzi moja, akiwa amesimama. Mapendo alikuwa na kipande cha kitambaa cha pazia mapajani. Akakikunja mara mbili, akakiongezea kwenye shuka la ukutani, akakisukuma ndani kwa kidole gumba.

Desturi ni desturi. Aliyeandika ndiye anayefuta. Jumamosi, siku ile ile ya likelemba, Gracien alisimamisha ngazi yake langoni kwa Maman Eulalie, mbele ya shefu na majirani wawili mashahidi. Rangi nyekundu haikubali kufa mara moja. Aliipaka nyeupe, ikachungulia kwa chini, waridi, inasomeka. Akapaka tena. Mashahidi walichoka wakaenda zao. Jua lilikuwa kichwani alipofika mkono wa tatu wa rangi, na Z ilikuwa ndiyo kwanza inazama, aliposikia injini nyuma yake. Gari likasimama. Kioo kikashuka. Papa Donatien hakumjua. Aliona fundi tu, mtu wa rangi.

"Fundi, bonjour. Si hapa balisema haiuzishwe?"

Brashi ilidondosha tone moja kwenye kiatu chake. Gracien alitazama ule mwamba ulioshikilia nyumba, halafu akamtazama mgeni.

"Inauzishwa, Papa," akasema. "Mwenyewe iko ndani."

Akashuka, akaiondoa ngazi langoni ili gari lipite.